Wiki Tano Katika Puto: nilivyokisoma na baraza letu Bagamoyo

Nakala yangu niliinunua Kariakoo kwa muuza vitabu vya mitumba, shilingi 7,000, tafsiri ya Kiingereza yenye jalada linalobanduka. Nilikifunua katikati nikakutana na neno Zanzibar, basi nikalipa. Mwandishi wake ni Jules Verne. Kilitoka Ufaransa mwaka 1863, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, naye wakati huo alikuwa hajakanyaga Afrika. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy ambaye ni mwindaji, na mtumishi wao Joe wanapaa kutoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni, wanavuka bahari hii hii tunayoiona kila asubuhi, na kulikata bara lote hadi mto Senegal.

Sikukisoma peke yangu. Kwa karibu mwezi mzima, baada ya Isha, nilikuwa nikikaa barazani kwetu Dunda na kukifasiri kwa mdomo, kahawa ikizunguka. Na watu hawakukubaliana hata jioni moja.

Aliyekipenda mapema ni mjomba wangu, nahodha mstaafu wa jahazi. Fergusson hashindani na upepo. Akiona haumpeleki anakotaka, hupanda au hushuka mpaka akutane na mwingine. Mjomba aliposikia hayo aliweka kikombe chini. "Huyo baharia huyo," akasema. Lakini nilipofika kwenye tarehe ya safari, Aprili 18, akanikatiza: masika hayo, mvua imeshika, nani ang'oe nanga na kitambaa kitupu juu ya kichwa? Nilimwambia hadithi ndivyo ilivyo. Akanijibu kwamba anayeandika habari za upepo aujue.

Mpwa wangu wa kidato cha nne alikamia mtambo. Ndani ya kikapu kuna betri inayotenganisha maji yawe gesi mbili, gesi hizo zinachomwa, na joto lake linaipasha haidrojeni ya puto ili lipande bila kumwaga mchanga wa kupunguza uzito wala kupoteza gesi. Wazo tamu kweli. Binti akachukua daftari, na kesho yake akaja na jibu: ukiyatenganisha maji kwa umeme kisha ukazichoma gesi zake, hupati nishati zaidi ya ile uliyoitumia, kwa hiyo betri ya kubebeka isingeweza kuipasha gesi nyingi kiasi kile. Na moto karibu na haidrojeni! Hata hivyo ndiye aliyekuwa akinigongea mlango kuulizia sura inayofuata. Mimi hapo ndipo nilipokiona kitabu kina thamani, maana kilimfanya mtoto apige hesabu ambayo hakutumwa na mwalimu.

Ugomvi ulizuka tulipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Puto linashuka, watu wanadhani ni mwezi, na wageni wale watatu wanapokewa kama wana wa mwezi mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na uongo kufichuka. Vijana walicheka. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye babu yake alikuja pwani na msafara wa wapagazi, hakucheka. Aliuliza: Kazeh si ndiko misafara ilikokuwa ikikutana? Mnyamwezi aliyetembea kwa miguu mpaka Bagamoyo na pembe begani, akaona majahazi, akaona bidhaa za ng'ambo, anaporudi kwao anashindwa kutofautisha mwezi na kitambaa? Kimya kikatanda. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ana haki. Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walipita Kazeh mwaka 1857, wakaandika habari za mji wa biashara wenye wageni wake. Habari zilikuwepo, ila kitabu kilihitaji watu wa kushangaa.

Kuna pahali pabaya zaidi. Nyani wanauzunguka mti ambamo puto limenasa, Kennedy na Joe wanakuja mbio wakidhani ni watu, kisha mmoja anasema kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mtoto mdogo wa dada yangu alikuwa ameegemea goti langu. Niliruka mistari ile, nikaendelea mbele, na sauti yangu haikukaa sawa mpaka tulipotawanyika. Kesho yake niliwaambia wakubwa nilichoficha. Mzee akasema kisisomwe tena. Mjomba akasema kisomwe, ila na hapo pasomwe pia.

Sehemu ya mwisho ina kasi, jangwa na kiu vikiwa vimeandikwa vizuri sana, na Joe kujirusha ziwa Chad ili puto liwe jepesi kuliwaliza baadhi yetu. Mazungumzo marefu ya Fergusson kuhusu wasafiri waliomtangulia yanachosha, yarukeni.

Mimi nakipa nyota tatu kati ya tano. Nimeondoa mbili kwa ajili ya Kazeh na nyani, na sitazirudisha hata nikiambiwa enzi zile ndivyo walivyoandika. Ukiwa na watoto, kisome kwanza peke yako. Nakala yangu iko kwa mpwa wangu. Amekata karatasi, anachora puto letu, linaloondoka Tabora kuja pwani, na nahodha wake ni Mnyamwezi. Mjomba amemwambia aweke safari mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma.