Utani wa mpira kwa Kiholanzi: masomo kumi niliyolipia

Nililipia masomo kumi ya nusu saa kwa video, euro 15 kila somo, kwa shida moja tu: nataka kutaniana na wenzangu kazini Jumatatu. Kiholanzi cha kazi ninacho. Cha mpira sikuwa nacho, na ghalani kwetu hapa Eindhoven, ukishindwa kuongea mpira wakati wa mapumziko unakula mkate wako kimya.

Kabla ya hapo nilijaribu programu ya simu. Ilinipa orodha ya maneno ya "kishabiki" bila maelezo yoyote, na mojawapo lilikuwa "kanker", yaani saratani. Nikalitumia mezani, nikidhani nachekesha. Mwenzangu mmoja akaweka kikombe chini, akatoka nje. Baadaye niliambiwa mama yake alifariki kwa ugonjwa huo. Nilimwomba radhi, akapokea, lakini lile jambo bado linaniuma. Waholanzi hutukana kwa magonjwa, na anayekufundisha lazima akuambie lipi huligusi kabisa.

Mwalimu wangu wa sasa, mama wa hapa hapa mkoa wetu wa Brabant, alianza na hilo. Kisha akaniuliza kwetu tunataniana vipi. Nikamweleza Simba na Yanga, majina ya kejeli ya makolo (Simba) na utopolo (Yanga), na jinsi sisi Yanga tulivyosalimiana kwa vidole vitano baada ya kuwafunga Simba ile 5-1 ya Novemba 2023. Akacheka sana, akanyanyua mikono yote miwili mbele ya kamera. Vidole kumi: PSV, timu ya hapa Eindhoven, 10, Feyenoord ya Rotterdam 0, Oktoba 2010. Pale pale nikajua nimepata mwalimu.

Misemo yenyewe ni mitamu. Timu iliyofungwa mabao mengi ni "ingemaakt", imesindikwa kwenye chupa kama achari. Beki inayopitika ni "gatenkaas", jibini lenye matundu. Mechi nyepesi ni "eitje", kiyai. Mashabiki wa PSV wanaitwa "boeren", wakulima, na badala ya kukasirika wanaliimba wenyewe uwanjani. Hata ile g ya Kiholanzi iliyonitesa ililegea, kwa sababu g ya Brabant ni laini, iko karibu na gh ya "ghali".

Ila kilichonifaa kuliko vyote ni kineno "joh". Ukisema "jammer" peke yake, pole, inaweza kusikika kama dharau. Ukisema "jammer joh", mtu anajua unamtania kama ndugu. Somo zima la nne tulilifanyia mazoezi hilo tu: sauti ishuke wapi, uso uweje, unyamaze lini.

Kuna mwenzetu shabiki wa Ajax. Jumatatu moja alikuja anajigamba, timu yake imeshinda. Nikamwacha amalize, nikamwambia taratibu: "Negen punten, joh." Pointi tisa. Mwaka 2025 Ajax waliongoza ligi kwa pointi hizo zikiwa zimebaki mechi tano, na PSV wakabeba ubingwa kwa tofauti ya pointi moja. Kipande cha mkate kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Kisha akapiga meza kwa kicheko, akauliza nani amenifundisha. Tangu siku hiyo ananiwekea kiti.

Kasoro zipo. Mwalimu ni PSV damu, kwa hiyo misemo ya kuwasema PSV alinipa miwili tu, tena kwa shingo upande. Rekodi za masomo zinafutwa baada ya wiki mbili, muda mfupi mno kwa anayefanya kazi za zamu. Na hatukufanya mazoezi ya kutosha ya kujibu: kurusha neno naweza, lakini likirudi kwa kasi, huku watu watatu wanaongea pamoja, napotea.

Nimelipia matano mengine. Nimemwomba yote yawe ya kujibu.