Ndege za Kisumu–Nairobi: chukua ya asubuhi

Angani ni kama dakika 45 tu. Kinachochosha ni kungoja. Ndege ileile huenda na kurudi kutwa nzima, kwa hiyo ikichelewa alfajiri, abiria wa jioni ndio huumia. Tena mvua ya radi ya ziwani hupenda alasiri. Ya kwanza ndiyo ya kuaminika.

Ukiunganisha kwenda ng'ambo, weka safari zote kwenye tiketi moja: ya Kisumu ikikwama, unapangiwa nyingine. Tiketi mbili? Hasara ni yako. Angalia pia unakotua, maana Wilson na JKIA (Jomo Kenyatta) ni viwanja tofauti vya ndege vya Nairobi na foleni ya magari kati yake haina huruma. Safari ikifutwa, dai uthibitisho wa maandishi kabla hujaondoka kaunta.