Oili ya 20W-50 JASO MA kwenye Honda CG125 ya zamani: uzoefu wangu hapa Tanga

Nimeitumia kwa kilomita 6,000 kwenye CG125 ya miaka ya 1980, mjini Ngamiani, Pongwe, na njia za vumbi za mashamba ya mkonge. Kabla ya hapo injini ilikuwa inawekewa SAE 40 ya kupima kutoka kwenye pipa. Oili hii inafaa na sirudi kwenye ya pipa, lakini ina masharti yake.

Unaponunua, usitazame 20W-50 peke yake, maana hizo ni namba za uzito wa oili tu (20W ikiwa baridi, 50 ikiwa moto). Kwenye CG oili hiyo hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi, kwa hiyo geuza chupa utafute JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani kwa oili za pikipiki ambazo klachi yake inaoga kwenye oili. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiogi kwenye oili. Ukiiweka kwenye CG, pleti zinateleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, na utaliona hilo vizuri ukipanda na abiria kutoka Muheza kwenda Amani. Oili nyepesi za magari zilizotengenezwa kubana mafuta huleta balaa lile lile.

Alama ya JASO MA ina faida nyingine. Inataka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12, na fosforasi hiyo huja na dawa ya zinki inayokinga vyuma vinavyosuguana kwa mgandamizo mkubwa. Tangu ilipotoka mwaka 1976, CG inafungua vali kwa fimbo zinazosukuma roka (mikono midogo inayobonyeza vali), kamu, yaani chuma chenye nundu kinachosukuma fimbo hizo, ikiwa chini. Pale kamu inapokandamiza ndipo uchakavu unapoanzia, na ndipo dawa hiyo inapofanya kazi.

Kelele za tapeti (pale roka inapogusa vali) zimepungua injini ikishapata moto. Gia nazo zinaingia laini hadi kama kilomita 1,500, kisha zinaanza kugoma. Meno ya giaboksi hukatakata viongeza uzito vya oili, na 50 inashuka taratibu kuelekea 40. Nilijaribu kuisogeza hadi 2,500, haikufaa. Mwaga kwenye 1,500 hata kama rangi bado inapendeza.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina wavu, na ina kikombe kwenye ncha ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), nyuma ya kifuniko cha upande wa klachi. Kikombe kinazunguka na krenki, uchafu mzito unarushwa ukutani na kuganda, oili safi ndiyo inayokwenda kwenye beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Kikijaa tope, beringi hiyo inakosa oili na konrodi inaanza kugonga. Oili mpya yenye sabuni (dawa ya kusafisha) ikiingia kwenye injini iliyolishwa oili ya pipa miaka mingi, inabandua tope la zamani. Kwa hiyo fungua kikombe kabla ya kubadilisha aina ya oili, kwangua kwa kijiti cha mti, osha kwa mafuta ya taa, kausha, funga na gaskiti mpya. Usipofanya hivyo, hata chupa ya bei kubwa haitakusaidia.

Kumwaga: pasha injini dakika tano, fungua bolti ya chini, acha ichuruzike robo saa. Weka washa mpya (pete ya kuziba chini ya bolti) na usikaze kwa hasira, kwa sababu bloku ni ya alumini na nyuzi zikiliwa gharama ni kubwa. Inaingia kama lita moja. Iwashe dakika moja, izime, subiri tatu, kisha pima pikipiki ikiwa wima. Kijiti cha kupimia unakiingiza bila kukizungushia nyuzi, vinginevyo utadhani oili imejaa ukaipunguza bure. Usizidishe alama ya juu, maana ziada hutapikwa kwenye bomba la kupumulia.

Ukikuta utelezi mweupe kama maziwa kwenye kifuniko cha kujazia oili, usikimbilie gaskiti. CG inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuvuja. Ule ni unyevu wa pwani kwa pikipiki inayokwenda Raskazone na kurudi bila kupata moto. Ikimbize kilomita 15 mfululizo, utelezi huo utapotea.

Oili hii haiponyi ringi za pistoni zilizokufa. Pikipiki yangu bado inakula oili kama mililita 100 kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu ukitoka unapovuta mafuta, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili, piga kiki: kompresheni ikipanda, tatizo ni ringi na silinda, isipopanda, angalia vali. Na tapeti ziache na nafasi ya 0.08 mm injini ikiwa baridi. Anayezibana ili kelele iishe kabisa anaunguza vali.