Wiktionary kwa wapenda maneno: tamu, ila ina kasoro zake

Hii kamusi naitumia kitambo na naona watu wengi wanaipita tu wakidhani ni Wikipedia nyingine, basi wacha niielezee. Iko chini ya shirika lilelile la Wikimedia, ipo mtandaoni tangu 2002, bure kabisa, hamna matangazo wala kulazimishwa kujisajili. Naongelea toleo la Kiingereza, ambalo limebeba maneno ya lugha chungu nzima, Kiingereza wanakitumia tu kuelezea maana.

Kilichonikamata ni mpangilio. Kwenye kamusi nyingi unachagua lugha kwanza ndo utafute neno, hapa ukurasa unafuata herufi, yaani kila lugha yenye neno linaloandikwa vile inakaa humohumo, moja chini ya nyingine. Andika "sana" uone. Sisi ni ile ya asante sana, Wafini hilo ndo "neno" lenyewe, Kimalei ni "kule", Kituruki ni "kwako wewe" (ndio, hata maumbo ya neno yaliyobadilishwa mwisho yana kurasa zake), Kihispania ni mzima wa afya, wa kike. Hizo ni familia tano tofauti za lugha, Kibantu, Kiurali, Kiaustronesia, Kituruki na Kilatini, hamna aliyemkopa mwenzake, ni silabi tu zimegongana!

Nenda "mimi" sasa. Kijapani ni sikio, na Kimaori ni kukojoa, kwa hiyo jitambulishe kwa Mmaori kwa uangalifu. "Meno" kwa Waitaliano ni "pungufu" na kwa Waslovakia ni "jina", "pole" Wapolandi na Wacheki wanamaanisha shamba halafu Waestonia wanasema "siyo". Unaingia kuangalia neno moja, ukistuka usiku umeisha.

Ila msisome maana tu mkaondoka, shukeni kwenye sehemu ya asili ya neno, hapo ndo utamu. "Saba" yetu imetoka Kiarabu, kwa hiyo kufanana na ya Waarabu kuna sababu. "Baba" ya Kituruki nayo ni baba mzazi kama yetu na najua kuna mtu atakimbilia kudai tuna undugu na Waturuki, wakati ni zile sauti rahisi ambazo watoto wachanga karibu kila mahali wanaanza nazo, maana ukivuka kwenda Poland huyohuyo "baba" ni mwanamke, tena mara nyingi bibi kizee.

Kasoro sasa. Kwa kuwa inafuata maandishi na sio matamshi, vinavyosikika sawa vinapotea. Wajojia (wa nchi ya Georgia) wanamwita baba "mama", hiyo ni kweli kabisa, ila wana alfabeti yao kwa hiyo usitegemee kuwakuta kwenye ukurasa wa "mama" wa herufi zetu. Vialama navyo (vile vinukta na vimstari vya juu au chini ya herufi) vinatenganisha kurasa, inabidi uangalie ule mstari wa juu kabisa unaokuelekeza kwenye maumbo yanayokaribiana, wengi hawauoni. Halafu lugha zimepangwa kialfabeti kwa majina ya Kiingereza, Kiingereza chenyewe kikitangulia, Kiswahili kiko huko kwenye S, kwenye neno fupi la herufi tatu nne kwa simu utaskroli hadi kidole kichoke.

Kinachoniuma zaidi ni Kiswahili chenyewe. Maingizo mengi ni tafsiri ya neno moja au mawili, hamna mfano wa sentensi, na toleo la Kiswahili bado dogo mno ukililinganisha na la Kiingereza. Yeyote anaweza kuhariri kwa hiyo lawama nyingine ni zetu wenyewe, na kwa sababu hiyohiyo kitu cha muhimu kihakikishe kwingine kabla hujakitumia.

Nyota nne kwa tano. Kama intaneti yako ni ya kubahatisha, programu ya Kiwix ina nakala ya kupakua inayofanya kazi bila mtandao, ila faili ni zito, andaa nafasi kwenye simu.