Boksi spana ya 22 yenye mpasuo: fupi imenifaa kuliko ndefu

Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi ya Toyota IST yangu, mashine ya kusomea hitilafu ilitoa namba P0135, yaani saketi ya hita ya sensa ya kwanza ya oksijeni, ile inayokaa kabla ya masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafishia moshi), ina kasoro. Nilipima nyaya mbili za hita kwa mita nikakuta mkondo umekatika ndani ya sensa yenyewe. Sensa mpya niliipata siku hiyohiyo. Chombo cha kuifungulia ile ya zamani ndicho kilichonichukua wiki mbili, na ndicho ninachokieleza hapa, kwa sababu madukani vyombo hivi vimepangwa pamoja kama ndugu, ilhali kazi zao zinapishana sana.

Kichwa cha sensa hii kina pembe sita za milimita 22, kipimo ambacho spana yake haikosekani kwenye sanduku la fundi yeyote. Tatizo ni waya unaotokea katikati ya kichwa hicho na kuishia kwenye plagi iliyo pana kuliko tundu la spana, hivyo boksi spana ya kawaida haivaliki na spana ya ringi haipiti. Kwenye injini ya gari langu, 1NZ-FE, ekzosi iko upande wa nyuma, imebanana na ukuta wa kabini, kiasi kwamba mkono unafika kwa taabu lakini spana ndefu ya mdomo haina pa kuzungukia. Ongeza na hili: gari langu limelala Kigamboni, karibu na bahari, kwa miaka sita, na hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kuishikamanisha sensa na chuma chake.

Chombo cha kwanza nilikinunua kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 18,000. Ni boksi spana ndefu ya takriban sentimita tisa, yenye mpasuo ubavuni wa kupitishia waya, na juu ina tundu la raketi ya nusu inchi. Ilinivutia kwa sababu ilikuwa nyepesi na inang'aa, na nilidhani urefu wake ungenisaidia kufika chini bila kuunguza vidole. Nilimwagia dawa ya kulegeza kutu jioni, nikaiacha ilale, asubuhi nikafungua mikono ya waipa na plastiki iliyo chini ya kioo ili nipate njia ya moja kwa moja kutoka juu. Boksi ilikaa vizuri. Nilipoanza kuvuta, nilihisi kitu kinalegea, nikafurahi kabla ya wakati, kwani kilichokuwa kikilegea kilikuwa ni boksi yenyewe. Nilipoitoa na kuipima kwa kalipa, mpasuo uliokuwa wa milimita 12 ulikuwa umefikia milimita 14 kule mdomoni, na pembe mbili za kichwa cha sensa zilikuwa zimeanza kulika.

Sababu yake inaeleweka ukiishika mkononi. Nguvu ya boksi spana hutokana na kuwa duara lililofungwa pande zote. Ukishalipasua, kila unapovuta, kingo za mpasuo hutafuta kuachana. Kwenye boksi ndefu mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa raketi inashika juu kabisa na nati iko chini kabisa, na kati yao kuna ukuta mwembamba uliopasuliwa ambao hujinyonga kabla nguvu haijafika inakotakiwa.

Niliporudi Gerezani niliingia duka jingine, nikamwamkia mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta na kumwonyesha ile boksi iliyofunguka. Aliigeuza mara moja tu. "Hii ya kufungia, mwanangu, si ya kufungulia," alisema, kisha akanipa kipande kifupi, cheusi, kizito kuliko nilivyotarajia, chenye ukuta mnene na tundu la raketi lililowekwa ubavuni badala ya juu. Bei yake ilikuwa shilingi 32,000.

Tofauti yake ilionekana mara moja. Kwa kuwa tundu liko ubavuni, raketi hukaa kando ya sensa, na chombo chote hakihitaji kimo kikubwa. Ukuta ule mnene nao haukuonyesha dalili yoyote ya kutanuka. Niliwasha injini dakika chache ili chuma kipate joto, nikavaa glavu nene, nikaunga bomba kwenye mkono wa raketi na kuvuta taratibu. Sensa ilitoka kwa mlio mmoja mkavu, vumbi la kahawia likadondoka juu ya gia boksi, na mizunguko iliyofuata niliimaliza kwa vidole.

Kina kasoro zake. Kwa vile nguvu inapita ubavuni, chombo hutaka kuinama na kuruka kichwani mwa nati, kwa hiyo lazima mkono wa pili ukikandamize muda wote, jambo ambalo ni gumu pale ambapo hata mkono mmoja unaingia kwa shida. Tundu lake pia ni la raketi ndogo, ile ya inchi 3/8, nami nilikuwa na ya nusu inchi pekee, ikabidi ninunue adapta. Unapokaza sensa mpya kwa spana ya kupimia mkazo, kipande hiki kikae pembe mraba na mkono wa spana. Kikinyooka nao, kinaurefusha mkono na kipimo unachosoma kinakuwa si cha kweli.

Wapo mafundi watakaokushauri ukate waya wa sensa mbovu na kutumia spana ya ringi, na kwa kufungulia ushauri huo ni sahihi kabisa, kwani sensa hiyo haina kazi tena. Lakini mpya huwezi kuikata, na bado utahitaji chombo chenye mpasuo ili kuikaza. Grisi iliyopakwa kwenye hesi ya sensa mpya isiguse ncha yake.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na sensa yako mpya, ivishe boksi, kisha jaribu kuizungusha kwa vidole huku na huku. Ile ndefu, nilipoijaribu hivyo baadaye, ilicheza hata kabla ya kuvutwa. Ile fupi ilishika kimya.