Amplifaya ya valvu kwa mpiga gitaa wa Kampala: ipi ununue kwanza

Mpiga gitaa akiingia dukani huuliza wati tu. Aulize pia valvu, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, zinafanya kazi kwa mtindo gani, maana wati zinatoka huko.

Chukua EL84, valvu ndogo ya kusukuma spika. Anodi yake, bamba la ndani linalopokea mkondo, imepimiwa kuhimili joto la wati 12 tu. Ikiwa peke yake katika mtindo uitwao klasi A, mkondo unapita muda wote hata usipogusa nyuzi, na hata kinadharia sauti haipati zaidi ya nusu ya umeme huo. Ndiyo sababu amplifaya hizi huishia kwenye wati 5. Weka mbili zipokezane katika mtindo wa klasi AB, moja ikipumzika nyingine inasukuma, utapata 15 hadi 18.

Masikio nayo yana hesabu yake. Wati zikiongezeka maradufu, unapata desibeli 3 tu. Ili usikie sauti imekuwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi.

1. Wati 15 hadi 22, klasi AB. EL84 mbili au 6V6 mbili, valvu nyingine ya kazi hiyohiyo. Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Inasikika juu ya ngoma za kanisani na inatosha baa ndogo ya Kabalagala. Ukipiga sebene, ambapo gitaa linatakiwa kulia safi bila kukwaruza, chagua 22, kisha angalia spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja: ya desibeli 100 badala ya 97 ni sawa na kuongeza wati maradufu.

2. Wati 5, klasi A. Ya mazoezi na kurekodi. Usidhani ni ya kunong'ona. Ukiifungua yote, jirani wa Ntinda atabisha hodi. Hula umeme karibu uleule ukipiga au ukinyamaza, ila kwa valvu moja haitamaliza yuniti zako za Yaka, umeme wa kulipia kabla.

3. Wati 50 yenye swichi ya triodi na pentodi, namna mbili za kuunga valvu ilezile. Swichi hii husifiwa kuwa ya kupunguza kelele, na hapo wengi hupotea. Kwenye triodi, gridi ya pili, wavu mmoja wa waya ndani ya valvu, huungwa na anodi, na nguvu hushuka hadi karibu nusu. Hiyo ni desibeli 3 au 4, jirani hatatambua. Kinachobadilika ni ladha: sauti inalainika, ukali wa juu unapungua. Kama unaipenda ladha hiyo, nunua.

4. Wati 100. Desibeli 3 zaidi ya 50, valvu nne za kubadilisha, na mzigo ambao boda ataukataa. Ukumbini watakuwekea maikrofoni mbele ya spika vilevile.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma: umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha. Na muuzaji asiiwashe kuijaribu kabla spika haijaungwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.