Likizo ya kujipikia Bagamoyo: jiko kwanza, vyumba baadaye

Tangazo la nyumba tuliyopanga Bagamoyo lilianza na vyumba vitatu vya kulala, likaja kwenye ua wa nyuma wenye mti mkubwa wa mkungu, na jiko likatajwa mwisho kabisa kwa maneno mawili: "jiko kamili". Mimi ningeanza na hilo jiko. Familia inayotoka Dar kwenda kukaa kwenye mji wa wavuvi, halafu ikashinda inaagiza chipsi kuku, imejinyima kitu bora kuliko vyote ambavyo mji huo unavyo. Kwa hiyo nyumba hii naipima kwa namna ilivyotuwezesha kupika na kula samaki, na kwa kipimo hicho imefaulu, ingawa kuna mambo nilimweleza mwenye nyumba waziwazi.

Kilichoifaulisha zaidi ni mahali ilipo. Iko Mji Mkongwe, nyuma kidogo ya Mtaa wa India, na ukitoka mlangoni unateremka kwa miguu dakika chache tu uko soko la samaki pale ufukweni, jirani na jengo la forodha la Wajerumani la mwaka 1895. Zipo nyumba nzuri zaidi upande wa mahotelini, zenye bustani na upepo wa moja kwa moja kutoka baharini. Lakini huko kila ukitaka samaki utafute bodaboda, na samaki wako asafiri juani kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nisingebadilishana.

Sokoni tulikuwa tunakwenda mimi na mama yangu mzazi. Mnada wa samaki wa vyombo vinavyoingia kutoka baharini ni wa wachuuzi: dalali anapaza bei, wanaonunua ni watu wenye madeli ya barafu na mzigo wa kupeleka Dar, na mnunuzi wa chakula cha nyumbani hana nafasi pale. Subirini wamalize. Baada yao ndipo samaki wanapangwa kwa mafungu, changu hapa, tasi na pono pale, na mazungumzo ya kawaida yanaanza. Mama yangu haulizi bei kwanza. Kijana mmoja alimwambia, "Mama, huyu kolekole ni wa leo, nakuapia." Akamjibu kwa upole, "Sikatai, mwanangu. Nifunulie shavu nione." Shavu lilikuwa jekundu, jicho limetuna na kung'aa, na alipobonyeza mgongo kwa kidole nyama ikarudi. Ndipo bei ikazungumzwa. Vijana wa kupara samaki wako hapohapo kwa malipo madogo, na nawasihi sana muwatumie. Magamba na matumbo yakibaki sokoni, nyumba yenu inabaki nyumba.

Sasa jambo ambalo sijaona tangazo lolote la nyumba likiligusia: mwezi. Pwani yetu maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya maji kupwa na maji kujaa inapita mita 3. Bagamoyo ufukwe wake ni wa maji mafupi, hivyo bamvua likipwa bahari inakwenda mbali sana, na hilo hutokea katikati ya asubuhi, saa ambayo watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Wanangu walisubiri hadi alasiri. Kwa upande wa sufuria, hizohizo ndizo siku za pweza, maana miamba inakuwa wazi na wanaomtafuta wanamfikia kwa miguu. Dagaa nao wana hesabu yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri kukiwa na giza; mbalamwezi ikitanda, vyombo vingi vya dagaa vinapumzika.

Kwa hiyo mtu anayekwenda kupika achague siku za karibu na mwezi kuandama: kuna giza, kuna bamvua, kuna dagaa na pweza kwa pamoja. Mwenye watoto wanaotaka maji ya kuogelea kutwa achague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Na miezi ya upepo wa kusi ikishika nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali, basi msishangae mkikuta meza za soko ni nyepesi. Kalenda ya mwezi mnayo kwenye simu. Itazameni kabla ya kulipia nyumba.

Turudi jikoni. Uani kulikuwa na karo la nje lenye bomba, na hili nalisifu kwa moyo wote. Samaki wanaoshwa nje, kamba wanamenywa nje, harufu inakwenda na upepo. Kulikuwa pia na jiko la mkaa kubwa na wavu wake wa kuchomea, ambapo mume wangu na kijana wetu mkubwa walichoma changu waliopakwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, huku mimi nikipika tui zito lenye bizari na ukwaju wa kuwapaka. Kamba wa Bagamoyo tuliwakaanga kwa muda mfupi mno. Wakishageuka rangi na kujikunja, watoe motoni, vinginevyo unatafuna mpira.

Ndani hali ilikuwa nyingine. Mtungi wa gesi uliisha usiku wa kwanza, ingawa mwenye nyumba alileta mwingine usiku uleule bila kinyongo. Visu vyote vilikuwa butu. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwepo, ila meno yake yameliwa na kutu, na kifumbu hakikuwepo kabisa. Tukachuja tui kwa kitambaa safi. Sufuria kubwa moja, vikombe vya chai kumi na mbili. Nani anapika pweza wa watu saba kwenye kisufuria cha kuchemshia mayai? Friji inapoza lakini haigandishi, hivyo nendeni na deli lenu na mnunue barafu. Nyumba inayokodishwa hatua chache kutoka soko la samaki, halafu haina kisu kinachokata, haijamfikiria mgeni wake.

Vyumba havina maneno mengi: mashuka safi, vyandarua vizima, feni zinazunguka. Maji ya bomba la uani yana chumvi, yanafaa kuoshea tu. Ya kunywa na kupikia nunueni madumu. Mchana tulikwenda magofu ya Kaole na misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, na vyote viwili vinatosha kwenye siku moja bila haraka.

Kuna jambo nataka kulisema kwa akina baba. Likizo ya kujipikia ambayo mama wa nyumba anabaki jikoni peke yake imemhamishia kazi zake Bagamoyo tu. Sisi tuligawana kabla hatujaondoka: kuchoma na kuosha vyombo ni wanaume, mchuzi na wali ni mimi, na mama yangu kazi yake ni sokoni, ambako anafurahi kuliko sisi sote. Bila mgawanyo huo, lipieni hoteli.

Kwa bei, nyumba nzima ilitugharimu chini ya vyumba viwili vya hoteli ya kawaida ufukweni, na siku za katikati ya wiki mwenye nyumba alipunguza bila kuombwa sana. Ningepanga tena. Nimeshamwambia anunue visu viwili, sufuria kubwa, mbuzi mpya na kifumbu, na ameahidi. Wewe kabla hujatuma malipo ya awali muombe akupigie picha ya jikoni, makabati yakiwa wazi, na umuulize kutembea hadi dikoni, pale samaki wanaposhushwa, ni dakika ngapi.